Filamu ya ubia: nani hasa ni mbia?

Kampuni mbili au zaidi, kila moja ya nchi yake, zinapochanga mtaji kutengeneza filamu moja na kuimiliki pamoja, tuiite filamu ya ubia wa kimataifa. Wengi husema "filamu ya ushirikiano", na hapo ndipo haki za watu wetu hupotelea. Ushirikiano ni wa kila mtu. Hata mama lishe aliyewapikia waigizaji ameshirikiana nao. Mbia ni mwenye fungu: faida ikija anagawiwa, hasara ikija inamgusa.

Tuseme kampuni ya Tanga na kampuni ya Ubelgiji zinatengeneza filamu ya taharuki kuhusu magogo yanayoibwa usiku Kwamkoro, huko Amani, Usambara Mashariki, ambako mashamba ya chai yamepakana na msitu wa hifadhi. Shamba likilipwa ili kamera ziingie, limepangisha tu. Wachuma chai wakilipwa kwa siku ili waonekane kwenye picha, ni vibarua. Hata kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania hakiifanyi nchi kuwa mbia. Kampuni ya Tanga itakuwa mbia iwapo imeweka mtaji, uwe wa fedha au wa kazi na vifaa vilivyothaminiwa, na mkataba ukaitaja kuwa mmiliki wa sehemu ya hakimiliki. Hapo filamu ikiuzwa tena miaka kumi baadaye, fungu lake lipo.

Ulaya ubia huu ulizaliwa na uhaba. Soko la nchi moja halikutosha kurudisha gharama, hivyo Ufaransa na Italia zikawekeana makubaliano katika miaka ya mwanzo baada ya Vita Kuu ya Pili. Filamu yenye wabia wa pande zote mbili ilihesabiwa kuwa ya nyumbani huku na kule, ikapata ruzuku kotekote. Filamu za uhalifu za bajeti ndogo zilifaa sana kwa mpango huo. Hazihitaji majeshi wala majumba ya kifalme; kachero, gari, bandari na maiti vinatosha, na kisa kinaeleweka hata waigizaji wakiingiziwa sauti za lugha nyingine. Baadaye Mkataba wa Baraza la Ulaya wa 1992 ukaweka mipaka: panapokuwa na wabia watatu au zaidi, mdogo asichangie chini ya asilimia 10, mkubwa asizidi 70. Mkataba uliorekebishwa mwaka 2017 ulivifanya viwango hivyo kuwa 5 na 80.

Kwetu, mfano ulio karibu zaidi ni *Nairobi Half Life* ya 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Inamhusu Mwas, kijana wa shamba anayekwenda Nairobi kutafuta uigizaji, akaangukia genge la wezi wa vipuri vya magari. Ilitayarishwa na One Fine Day Films ya Ujerumani pamoja na Ginger Ink ya Nairobi. Kenya iliweza kuiita yake, ikaipeleka kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, mara ya kwanza kwa nchi hiyo.

Kinyume chake ni *Darwin's Nightmare* ya Hubert Sauper, ya 2004, kuhusu biashara ya sangara Mwanza. Nayo ni filamu ya ubia, lakini wabia walikuwa Austria, Ufaransa na Ubelgiji. Samaki, ziwa na nyuso ni za Tanzania. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilalamikia hadharani, ila Tanzania haikuwa na fungu ndani yake.

Mtayarishaji wa Tanga akikuta ameandikwa "mshirika wa ndani" kwenye rasimu ya mkataba, aombe maneno hayo yafutwe, liandikwe neno mbia, na mbele yake iwekwe asilimia.