Gitaa Dogo na Sebule za Nguba

Wabelgiji walipoijenga Costermansville, mashariki mwa Kongo, waliweka sebule zao Nguba, juu ya maji ya ziwa Kivu. Waafrika waliowafanyia kazi walirudi kulala Kadutu na Bagira. Katika miaka ya 1950 mji ukaitwa tena Bukavu, lakini kila mtu alibaki upande wake. Naanza na sebule kwa sababu gitaa dogo ninalolisimulia lilizaliwa sebuleni. Katika karne ya 19, mafundi kama Christian Frederick Martin, Mjerumani aliyehamia New York mwaka 1833, walitengeneza magitaa yenye tumbo jembamba na nyuzi za utumbo, ya kupigiwa watu wachache chumbani. Bendi zilipokua, watu wakataka kishindo. Mwaka 1931 kampuni ya Martin ilianza kuuza kwa jina lake gitaa kubwa la dreadnought, na lile dogo likaonekana la wanawake na wazee.

Kwetu mashariki gitaa dogo halikupita sebuleni. Lilipita mgodini. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, huko Katanga, mwaka 1910, na kampuni ya migodi ya Union Minière ikaajiri watu wa Kasai, Rhodesia na Ruanda-Urundi. Mshahara ulipopatikana, kijana alinunua baiskeli, saa au gitaa. Mengi yalikuwa ya chapa ya Gallotone kutoka Afrika Kusini, mbao za plaiwudi, tena mengine na karatasi ndani inayoahidi kwamba gitaa halipasuki. Wapenda magitaa ya thamani huicheka plaiwudi. Acha wacheke: mbao nzima husinyaa kiangazi na kuvimba masika, na Bukavu masika huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. John Lennon mwenyewe alikuwa na Gallotone Champion, dogo vilevile, siku alipokutana na Paul McCartney mwaka 1957.

Kutoka Katanga njia ilikuwa wazi: treni hadi Kalemie, meli hadi Uvira, kisha barabara ya kupanda bonde la Ruzizi mpaka Bukavu. Na nyimbo za huko hazikuhitaji mkalimani, maana ziliimbwa kwa Kiswahili. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi, mjini Jadotville hukohuko Katanga, kijana wa miaka 22, Mwenda Jean Bosco, wa ukoo wa wafalme wa Bayeke. Wimbo wake Masanga ulisikika mbali kuliko reli yoyote. Edouard Masengo na Losta Abelo nao walishika mtindo huohuo, na Masengo akaupeleka hadi Nairobi.

Hapa ndipo utamu wenyewe ulipo. Mwenda alipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba hutembea kwenye nyuzi nene, cha shahada kikilijibu juu, kila kimoja na mwendo wake, kama wazee wawili wanaobishana bila kukatizana. Gitaa kubwa lina besi inayovuma muda mrefu, ikifunika jibu la kidole cha pili. Tumbo dogo hutoa sauti kavu inayokatika upesi, kwa hiyo kila noti unaisikia peke yake. Ukitaka kupandisha sauti, penseli inafungwa kwa uzi shingoni mwa gitaa, kazi imekwisha. Kwa maoni yangu, ule mtindo usingezaliwa kwenye dreadnought.

Baada ya uhuru wa 1960 nyumba za Nguba zilipata wenyeji wapya. Lakini Bukavu haitunzi vitu vya mbao. Mwaka 1967 mamluki wa Mbelgiji Schramme waliushika mji kwa karibu miezi mitatu; mwaka 1996 vita vikaja tena, 2004 tena, 2025 tena. Anayekimbia hubeba mtoto na sufuria, na kinachobaki nyumbani huporwa au huwa kuni.

Kwa hiyo ukiletewa gitaa dogo la zamani, usihesabu mikwaruzo. Tazama uso wake nyuma ya daraja la nyuzi: gitaa lililoundwa kwa nyuzi za utumbo, likifungwa za chuma, huvutwa mpaka uso unavimba na daraja linabanduka. Halafu lenga jicho kwenye shingo, kuanzia kichwani kushuka. Shingo ikiwa imepinda, mrudishie mwenyewe. Uvimbe ukiwa mdogo, funga nyuzi nyepesi, upige.