Uaminifu wa Juu

Mwaka 1957, katika ukumbi wa Fortune jijini London, Michael Flanders na Donald Swann walikuwa wakiimba juu ya ugonjwa mpya wa mjini: wanaume waliojaza nyumba zao spika, amplifaya na nyaya. Mwenye mitambo katika wimbo huo anajivunia sauti za juu mno zisizosikika na binadamu, ila labda na popo, na mwishowe anakiri kwamba muziki wenyewe haumshughulishi sana. Ukumbi ulikuwa ukiangua kicheko. Onyesho likarekodiwa kwa usimamizi wa George Martin, yule yule aliyekuja kuwarekodi Beatles, likatoka kwenye santuri. Na santuri haina pa kupigwa ila kwenye mitambo ile ile iliyokuwa ikichekwa.

Sijui kundi jingine linalojicheka kwa bidii kama hawa wapenzi wa sauti. Shabiki wa mpira ukimtania atakuchukia hadi msimu uishe. Mpenzi wa sauti hukuwahi. Hujafungua mdomo, ameshakwambia kwamba watu wengine hutumia mitambo kusikiliza muziki, lakini yeye hutumia muziki kusikiliza mitambo. Atacheka sana, kisha jioni ataagiza waya mwingine. Kiswahili kiliwajua mapema watu wa aina hii, maana neno letu uraibu hutaja jambo la kupitishia wakati, na papo hapo hutaja ulevi usioachika.

Jina la mapenzi yao, hi-fi, ni ufupisho wa maneno mawili yenye maana ya uaminifu wa juu. Mhandisi Mwingereza, Harold Hartley, alidai kuubuni msemo huo kamili mwaka 1927. Uaminifu unaokusudiwa ni ule wa mtambo kwa kilichorekodiwa: uitoe sauti kama ilivyo, usiongeze chumvi wala usipunguze. Ila uaminifu ni neno la mweka hazina wa kikoba na la wanandoa, na hapo ndipo utani ulipokuwa ukisubiri. Nick Hornby aliipa riwaya yake ya mwaka 1995 jina High Fidelity, nayo ni hadithi ya mwenye duka la santuri ambaye mambo yake na santuri yamenyooka kuliko mambo yake na wanawake.

Istilahi za watu hawa zina mafungu mawili. La kwanza ni la sifa. Sauti ina joto. Sauti inang'aa. Sauti ina hewa, au imefunikwa pazia. J. Gordon Holt, aliyeanzisha jarida la Stereophile huko Marekani mwaka 1962, alikusanya kamusi nzima ya maneno ya namna hiyo ili wahakiki waelewane. Ukiyatazama, mengi yameazimwa: joto ni la ngozi, kung'aa ni kwa macho, pazia ni la dirishani. Sikio halikupewa msamiati wake, likaenda kukopa kwa majirani. Sikatai kwamba mkopo huo una uzuri wake, lakini hauna mahali pa kuushikia. Nikisema spika zangu zina joto, utanikosoaje?

Linganisha na maneno ya fundi redio wa mtaani. Huibonyeza koni ya spika taratibu kwa vidole, ametega sikio, akitaka kujua kama koili inagusa sumaku. Kisha anatoa hukumu: inakwaruza. Au inakoroma, kwa sababu koni imechanika. Au haina besi. Kila neno hapo linaweza kuhakikishwa na mtu mwingine mwenye vidole na masikio.

Fungu la pili, la kejeli, liko upande wa fundi. Maneno waliyojibunia wenyewe ili kujicheka ni makini kuliko yale ya kujisifu, kwa kuwa kila moja linataja tabia inayoonekana. Chukua lile la kutotosheka na mtambo ulionao. Kwa Kiingereza wamelipachika kiambishi ambacho madaktari hukitumia kwa maradhi ya uvimbe, kana kwamba kubadilisha amplifaya kila mwaka ni jambo la kupeleka hospitali. Mimi ningeuita ugonjwa huo homa ya kubadilisha. Hupanda jarida jipya linapotoka, hushuka mshahara unapoisha, na wenye kuugua hupeana pole kwa furaha kubwa.

Lipo pia la kibali cha mama watoto. Lilichapishwa Stereophile mwaka 1983, na mwandishi wake, Larry Greenhill, akasema mbunifu ni mwenzake Lewis Lipnick. Hupima kama mke atakikubali kitu hicho sebuleni. Tatizo ni la kweli: spika ya kielektrostatiki ya Quad ya mwaka 1957, ambayo hadi leo wapo wanaoiapia, ilionekana kama hita ya kupashia chumba moto. Hata hivyo, katika fungu zima neno hili ndilo dhaifu, kwa kuwa linadhani wanawake wana macho tu na masikio wanayo wanaume. Wapenzi wengi wa sauti siku hizi wanalitamka kwa aibu kidogo.

Lililo kali kuliko yote ni lile la nyaya na vikorokoro vya bei mbaya. Waingereza na Wamarekani husema mafuta ya nyoka, wakiwakumbuka wachuuzi wa dawa za uongo. Tusiyatafsiri mafuta hayo, kwetu hayanuki chochote. Tuna kiini macho. Tuwape kiini sikio. Mwaka 2007 James Randi, bingwa wa mazingaombwe aliyetumia maisha yake kuwaumbua waongo, aliweka dola milioni 1 kwa atakayeweza kuzitofautisha kwa kusikia tu nyaya za spika za Pear Anjou, za dola 7,250, na nyaya nzuri za bei ya kawaida. Mazungumzo yakavunjika, jaribio halikufanyika, na kila upande ukaondoka na uhakika wake. Mwaka huo huo Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la Audio Engineering Society jaribio lililofanyika kweli. Waliwapigia wasikilizaji sauti ya daraja la juu kuliko sidii, kisha hiyo hiyo ikiwa imeshushwa hadi kiwango cha sidii, bila kuwaambia ipi ni ipi. Kati ya majaribio 554, walipatia 276. Ungerusha shilingi ungepata vivyo hivyo.

Usidhani habari hiyo iliwanyamazisha. Huko Japani wanataniana kwamba umeme nao una ladha, kwamba wa maji hautoi sauti sawa na wa makaa. Halafu mwaka 2016 gazeti la Wall Street Journal likaandika habari za mwanasheria mzee wa Tokyo aliyejisimikia nguzo yake mwenyewe ya umeme nje ya nyumba, ili muziki wake usichafuliwe na umeme wa majirani. Utani na taarifa ya habari vilikuwa vimekutana kwenye nguzo moja.

Naomba nafasi kidogo ya kuwatetea. Kuna santuri iitwayo Jazz at the Pawnshop, iliyorekodiwa Desemba 1976 katika klabu ya Stampen, Stockholm. Wapenzi wa sauti wameipiga hadi yenyewe imekuwa kichekesho, maana husemwa hawasikilizi jazi iliyomo, wanasikiliza glasi. Ni kweli kwamba glasi zinasikika. Unasikia watu wakinong'onezana mezani, mtu akicheka mbali kushoto, vyombo vikigongana, na bendi ikiendelea mbele yao kama vile ukuta wa sebule yako umeondolewa. Anayecheka kwamba mtu amelipa fedha nyingi ili asikie glasi za Wasweden ana haki ya kucheka. Lakini na asikilize kwanza.

Sasa tuje kwetu. Spika tunaye mmoja bungeni na wawili sebuleni, na hatujawahi kuwachanganya. Sabufa lilikuja kama jina la kipande kimoja tu, kile cha besi, nasi tukalikabidhi mtambo mzima. Muziki nao ni wimbo na ni chombo: jirani amenunua muziki mkubwa, Mungu atusaidie. Kipaza sauti, kikuza sauti, yote ni majina ya ukubwa. Uaminifu hatukuuita kwa jina, pengine kwa sababu mtambo wetu ulinunuliwa kwa ajili ya arusi na mtaa mzima, si kwa ajili ya kiti kimoja kati ya spika mbili.

Istilahi basi inahitajika, na tayari ipo njiani. Waifai linafahamika kila mgahawa, ingawa wachache wanajua kwamba mwaka 1999 kampuni ya Interbrand ilibuni jina hilo kwa kuigiza hi-fi. Ukiandika mtoto waifai, baba yake kwa tahajia hiyo hiyo ni haifai. Wapo watakaotaka kulikwepa kwa aibu, watuletee maneno marefu ya kamati. Mimi nasema tulichukue lilivyo. Hakuna lugha iliyowapa watu hawa jina linalowaeleza kwa ufupi zaidi, maana hakuna mtambo waliokaa nao miaka miwili wasiutamkie neno hilo. Wahariri wa kamusi waliingize katika ngeli ya i-zi, na mfano wa matumizi uwe huu: Haifai yangu bado inafaa, lakini mwisho wa mwezi nanunua nyingine.