Shayiri ya Loliondo

Ukitaja Loliondo, wengi wanakumbuka kikombe cha Babu wa Samunge mwaka 2011. Wachache wanajua kwamba miaka mingi kabla ya hapo Loliondo ilitakiwa kwa ajili ya kinywaji kingine: bia.

Mwaka 1984 Tanzania Breweries, wakati huo shirika la umma, ilipata ekari kama 10,000 pale Sukenya, kwenye malisho ya Wamasai, ili ilime shayiri. Ikalima sehemu ndogo kwa misimu michache, ikaacha. Wamasai wakaendelea kuchunga.

Wadau, shayiri haiamrishwi. Ilianza kulimwa Mashariki ya Kati miaka kama 10,000 iliyopita, na kila ilikohamia ilihitaji muda wa kuzoea. Ili mbegu izoee mahali papya, husaidia sana jeni za wazazi wawili zikichanganywa upya. Hilo hufanyika mmea unapotengeneza chavua na vijiyai: kromosomu za baba na za mama hujipanga bega kwa bega, zikakatana na kubadilishana vipande. Ni kama kuchanganya karata kabla ya kugawa.

Sasa shayiri ni mchanganyaji mvivu. Ina jozi 7 za kromosomu, na hubadilishana vipande zaidi kwenye ncha tu. Jeni za katikati hurithiwa fungu zima, nzuri na mbaya pamoja. Mtafiti anayetaka kuzitenganisha anasubiri vizazi na vizazi.

Kumbe mimea ina jeni zinazofanya kazi ya breki! Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba ukizima jeni ya FANCM kwenye mmea mdogo wa Arabidopsis, mabadilishano yanaongezeka mara 3. Mwaka 2018 ikawa zamu ya jeni ya RECQ4 kwenye mpunga, njegere na nyanya: karibu mara 3 pia.

Turudi Sukenya. Mwaka 2006 haki ya ile ardhi iliuzwa kwa kampuni ya utalii, na ugomvi ukafika Mahakama Kuu. Mbegu huchukua miaka kuizoea ardhi. Hati husainiwa siku moja. Shayiri iliondoka, hati ikabaki.

Maabara zikiharakisha mbegu, tutasikia tena ahadi za mazao mapya kwenye malisho ya watu. Mimi nitauliza kitu kimoja: zao likishindwa, ardhi inarudi kwa nani?