Tusimsahau Mwalimu Sikujua
Hapa Laiser Hill, Ongata Rongai, simu yangu haiishi kupokea mashairi yasiyo na jina la mtunzi. Nayasoma, naguna.

Muyaka bin Haji wa Mombasa alipofariki mnamo miaka ya 1840, tungo zake zilibaki vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua ndiye aliyezikusanya na kuziandika kwa hati za Kiarabu, akishirikiana na mmishonari W.E. Taylor. Mwaka 1940 Hichens akazichapisha Johannesburg. Leo baadhi ya miswada ya Kiswahili iliyoko SOAS, London, husomeka mtandaoni.

Sikujua mwenyewe alikuwa malenga, lakini tungo za Muyaka zimebaki za Muyaka. Je, wewe unayesambaza shairi, jina la mwenyewe unalifutia nini?