Vitabu vya nyimbo na sinema za Pwani, na Tana imo wapi

Mtu wa Garsen akitaka kusoma habari za nyimbo na sinema za Waswahili, vitabu vipo. Taabu ni kuwa vingi ni vya Kiingereza, na vimeegemea Unguja na Dar es Salaam kuliko huku kwetu.

Cha kuanzia ni Wasifu wa Siti binti Saad, wa Shaaban Robert, uliotoka 1958. Ni chembamba na Kiswahili chake kitamu. Humo utamwona binti wa Fumba, muuza vyungu, akipanda hadi kuvuka bahari 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri. Shaaban amsifu mno, hilo ni kweli, lakini kwa kijana wa sekondari sijui kitabu bora cha kumfungulia mlango.

Ukishakimaliza, mtafute Laura Fair, mwanahistoria wa Marekani. Pastimes and Politics (2001) chamsoma Siti upya: nyimbo zake zatumika kama ushahidi wa malalamiko ya wanyonge wa Ng'ambo ya Unguja, pamoja na mambo ya mahakama na kodi za viwanja. Kingine, Reel Pleasures (2018), ni cha majumba ya sinema ya Tanzania: nani aliyajenga, filamu za Kihindi zilivyotawala, na vijana wa baiskeli waliokimbiza mikanda kutoka jumba moja hadi jingine ili filamu moja ionyeshwe pawili usiku mmoja. Wazee waliozikimbilia filamu za Raj Kapoor watacheka peke yao.

Sasa tuje kwetu. George Senoga-Zake aliandika Folk Music of Kenya (1986), juu ya ngoma na ala za makabila ya Kenya. Yeye ni mmoja wa watu watano waliotunga wimbo wa taifa 1963. Wenziwe ni Graham Hyslop, Washington Omondi, Peter Kibukosya na Thomas Kalume, mtoto wa Pwani. Na sauti ya wimbo huo yatoka Tana: ni wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto, uliotolewa na Mzee Meza Moroa Galana. Nchi nzima husimama wima kwa wimbo wa kulaza watoto wa mtoni! Wangapi kati yetu wamefundisha hilo nyumbani?

Kanda za harusi na za ngoma zimekaa katika masanduku kwenye nyumba ambazo mto huziingia. Mafuriko ya 1997 yalipita, ya 2023 yakapita, na kanda ikishalowa matope haisikiki tena. Simu ya kawaida yatosha kumrekodi bibi akiimba. Taja mwanzoni jina lake (kwa idhini yake), kijiji na tarehe, kisha weka nakala kwa jamaa anayekaa mbali na mto, Malindi au Mombasa. Mwandishi akija, hapo ndipo atakapoanzia.