Dhamana: Habari za Mtu Ambaye Bado Hajahukumiwa

Neno dhamana twalisikia mara nyingi hapa Malolo, lakini maana yake na asili yake hazijulikani sana. Kijana akikamatwa kwa shauri la magunia ya korosho, akachukuliwa Ruangwa, jamaa zake huuza kuku na mbuzi, wakidhani kwamba uhuru wake hununuliwa. Naye akirudi kesho yake, mwenye magunia hunung'unika kwamba mwizi amesamehewa. Wote wamekosea. Dhamana si bei, wala si msamaha. Ni ahadi ya kwamba mshitakiwa atahudhuria siku ya kesi yake. Mdhamini huisimamia ahadi hiyo, na mshitakiwa akitoroka, yeye hutozwa. Ahadi ni deni.

Jambo hili lina tarikhi ndefu. Uingereza ilikataza dhamana ya kupita kiasi tangu mwaka 1689, na Waingereza walipotawala Tanganyika walileta taratibu zao za mashtaka. Lakini mwaka 1962, baada ya uhuru, ilitungwa sheria iliyompa mkuu wa nchi uwezo wa kumweka mtu kizuizini pasipo mashtaka yoyote. Mtu wa namna hiyo aombe dhamana wapi, naye hana kesi?

Mwaka 1984 haki za binadamu ziliandikwa katika Katiba, na tangu mwaka 1988 watu waliweza kuzidai mahakamani. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1985, ilitungwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Sheria hiyo ilitenga nyakati mbili. Kabla ya mashtaka, mtu yu mikononi mwa polisi; isipowezekana kumfikisha mahakamani katika saa 24, mkuu wa kituo aweza kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa ni zito. Baada ya mashtaka, neno ni la hakimu: ama dhamana, ama rumande.

Lakini kifungu cha 148 cha sheria ile kilimfunga hakimu mikono. Kilikataza dhamana kwa kila aliyeshitakiwa kwa kumshambulia mwingine vibaya, au kumtishia kwa nguvu, au kuwa na bunduki. Daudi Pete, aliyeshitakiwa kwa unyang'anyi wa nguvu, alinyimwa dhamana kwa sababu hiyo. Akapeleka ombi lake Mahakama Kuu, Mwanza, na Jaji James Mwalusanya akasema kwamba katazo lile lapingana na Katiba. Mkurugenzi wa Mashtaka akakata rufani.

Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa hukumu yenye busara. Ilisema kwamba kumnyima mtu dhamana si lazima kuwe ni kumhesabu mkosaji, na kwamba haki ya mtu mmoja huenda pamoja na wajibu wake kwa jamii. Hata hivyo, katazo lile lilikuwa pana mno, likiwakumba hata wasio hatari, wala halikuweka utaratibu wa kuwapima. Likafutwa.

Shauri halikuishia hapo. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani iliondoa uwezo wa Mkurugenzi wa Mashtaka wa kuzuia dhamana kwa hati yake tu. Lakini mwaka 2020, Mahakama Kuu ilipofuta orodha ya makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji, uhaini na utakatishaji wa fedha, Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo mwezi Agosti mwaka ule ule.

Basi, ndugu, tujifunze mambo mawili. Aliye rumande hajawa mwizi, na aliye nje kwa dhamana hajawa msafi. Wote wawili wangoja neno la hakimu. Tena tusiwauze mbuzi wetu gizani. Jirani akikamatwa, apatikane mtu mwaminifu, achukue barua ya serikali ya kijiji, aende kituoni mchana kweupe, akasimame kuwa mdhamini.