Kutoka Gome Chungu hadi Molekuli Yenye Silaha Mbili

Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Morogoro. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikwisha kuondoka, askari wake wakiizunguka milima ya Uluguru kuelekea Kisaki. Waliowafuata walikutana na malaria, iliyoangusha wengi kuliko risasi. Wajerumani walikuwa na kwinini, dawa ya malaria itokayo katika gome la mti: kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, kilichoanzishwa 1902, kilikuwa kimepanda miti hiyo. Vidonge vilipoadimika, magome yalichemshwa na askari wakanywa maji yake machungu.

Ndani ya kwinini mna pete mbili za atomu zilizoshikana, na katika pete moja naitrojeni imechukua nafasi ya kaboni. Muundo huo huitwa kwinolini. Kimelea cha malaria hula hemoglobini ya damu yetu. Mabaki yake ni sumu, nacho huyagandisha yawe fuwele zisizokidhuru. Kwinolini huzuia kuganda huko, kimelea kikafa kwa sumu ya mlo wake.

Mwaka 1934 Hans Andersag wa Bayer aliunda klorokwini juu ya pete hizohizo. Ilienea kila zahanati, hadi kimelea kilipopata njia ya kuisukuma nje. Tanzania iliiacha mwaka 2001, ikachukua SP (salfadoksini na pirimethamini), nayo ikaanza kushindwa. Watafiti wa Ifakara, mkoani Morogoro, ambako mwanasayansi Mswisi Rudolf Geigy alijenga maabara mwaka 1957, walishiriki kulinganisha tiba mbili: wilaya ya Rufiji ilipewa SP pamoja na artesuneti, dawa ya jamii ya artemisinini, wilaya za Kilombero na Ulanga zikabaki na SP pekee. Mwisho wa 2006 dawa mseto, ALu (artemetha na lumefantrini), ikaanza kutumika nchini.

Mtu mzima humeza vidonge vinne mara mbili kwa siku, siku tatu. Artemetha, nayo ya jamii ya artemisinini, huua haraka, kisha hutoka mwilini upesi. Lumefantrini hubaki siku kadhaa, ikipambana peke yake. Hapo ndipo kimelea hupata mwanya.

Mwanakemia Mfaransa Bernard Meunier na wenzake walijaribu kuuziba mwanya huo. Walifunga kwinolini na kiini cha artemisinini katika molekuli moja, wakaiita trioksakwini, ili silaha zote mbili zifike pamoja. Bado haijafika madukani: molekuli kubwa ni ngumu kutengeneza, na ni lazima ithibitike kuwa salama. Lakini usugu dhidi ya artemisinini umekwisha kuonekana Kagera. Kazi hii inastahili fedha na wanakemia wetu wenyewe sasa, kabla ALu haijaifuata klorokwini.